Kapu Lililoshindwa Kupita Mlangoni

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo ameitika na mahindi mdomoni? Tafuna kwanza, umeze, ndipo uitike. Na nyie wazazi mlioegemea ukuta, msijifanye hamumo. Hadithi hii si ya watoto peke yao. Haya, tena. Paukwa!

Pakawa!

Sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, kale hasa, bibi yake bibi yangu hajaota meno, wanyama walikuwa na kanisa lao juu ya kilima. Kanisa la mawe, safi, lenye mlango mmoja mwembamba. Mchungaji wao alikuwa Korongo. Mrefu, mpole, kabla ya kusema neno anafumba macho kwanza. Mwenyekiti wa wazee wa kanisa alikuwa Nyati. Mzito, mkweli, mtu wa watu. Mlangoni alisimama Mama Kanga na gauni lake la madoadoa, akimpokea kila mtu kwa jina.

Pale ndani ya mlango palikuwa na kapu. Kapu la kawaida, lenye mishikio miwili. Kila Jumapili mnyama akiingia anatia alichojaliwa. Ngiri anatia viazi vya porini. Kima anatia matunda. Nyati anatia majani mabichi. Kanga anatia mbegu. Ibada ikiisha, wawili wanalishika, huyu huku na huyu huku, wanashuka nalo bondeni kwa wanyama wasio na kitu. Jioni kapu linarudi tupu. Sheria ya kanisa lile tangu lijengwe ilikuwa hiyo moja: kapu halilali kanisani.

Semeni nami. Kapu halilali kanisani.

Kapu halilali kanisani.

Vizuri. Basi Jumapili moja ikanyesha mvua. Mvua gani, jamani. Chururu, chururu, njia ya bondeni ikawa matope matupu. Nyati akasimama akasema, "Ndugu zangu, leo kapu lilale. Kesho litashuka." Hakusema kwa ubaya. Lakini kesho yake kila mtu ana shughuli zake, na kapu likabaki pale pale. Jumapili iliyofuata wanyama wakaingia, wakalikuta kapu limejaa hadi ukingoni. Wakatazamana.

"Kumbe tunatoa hivi?" akasema Kima.

"Kanisa letu limebarikiwa," akasema Ngiri.

Wakatia vya siku ile juu ya vile vya zamani. Kapu likafurika, likapendeza, macho yakalizoea. Wa kulishusha akawa hayupo, na wa kuuliza naye akawa hayupo.

Wakamwita Mnana, yule ndege fundi wa kusuka. "Fundi, tusukie kapu kubwa." Mnana akaingia na ukindu wake, akaanza kusuka mle mle ndani, kwenye kivuli. Suka, suka, suka. Likajaa. Wakamwita tena, akaongeza ukingo. Suka, suka, suka. Likajaa. Akaongeza tena. Kapu likapanda, likapita madirisha. Kwaya ikasogezwa pembeni ili kapu lipate nafasi. Ikaundwa Kamati ya Kapu. Mgeni akifika kanisani anaonyeshwa kapu kabla ya kuonyeshwa choo.

Mnacheka. Hata Baba Mwakio anacheka, na kamati zote za hapa yumo yeye.

Huko bondeni je? Bondeni moto ulikuwa umepita, ukala majani yote. Na bondeni ndiko alikoishi Digidigi, mama mdogo mwenye miguu kama njiti. Mume wake alikwenda na moto ule. Akabaki na mtoto mmoja, wa kunyonya. Sasa mama asipokula, maziwa yatoke wapi? Yakapungua, yakapungua, yakabaki ya kulowesha ulimi tu. Mtoto akalia, akalia, kisha akanyamaza. Na mama yeyote aliye hapa anajua. Mtoto anayelia bado ana nguvu. Anayenyamaza ndiye wa kutisha.

Digidigi akakumbuka kwamba zamani kulikuwa na kapu lililokuwa likishuka. Jumapili akamficha mtoto kwenye kichaka cha miiba, akapanda kilima. Tip, tip, tip, anapumzika. Tip, tip, tip, anapumzika. Akafika ibada imeshaanza.

Nisikilizeni hapa. Kanisa lile lilikuwa na desturi, na si desturi mbaya, hata sisi tunayo. Mchungaji anauliza, "Je, leo tuna wageni?" Mgeni anasimama, anataja jina na alikotoka, anapigiwa makofi, kwaya inamwimbia, anaketi. Kila mtu anafurahi.

Digidigi akasimama. "Mimi ni Digidigi. Nimetoka bondeni. Nimekuja kwa sababu mwanangu..."

Pa-pa-pa. Pa-pa-pa. Pa. Makofi hayo. Kwaya ikadaka: mgeni karibu, mgeni karibu, hapa ni kwako. Swala, mwenye sauti nyembamba kuliko wote, akaipandisha mpaka darini. Mama Kanga akaja akamkumbatia Digidigi, akamkalisha taratibu. Ibada ilipokwisha wote wakamsalimu, wakamwambia karibu tena, wakaenda makwao kula. Digidigi akabaki uani peke yake. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Walimpenda kweli, akarudi nyumbani na njaa yake.

Unauliza nini, Wakesho? Mtoto yu hai. Anapumua. Angekufa ningekuwa nimeshakwambia.

Jumapili ya pili Digidigi akapanda tena. Safari hii alipumzika mara nyingi zaidi. Korongo akafumba macho, akafumbua, akauliza, "Je, leo tuna wageni?" Digidigi akasimama. "Mimi ni Digidigi. Nimetoka bondeni. Mwanangu..."

Pa-pa-pa. Pa-pa-pa. Pa. Mgeni karibu, mgeni karibu, hapa ni kwako.

Wimbo ukaisha. Digidigi hakuketi. Kwaya ikafikiri hajatosheka, ikaimba tena. Wimbo ukaisha. Digidigi bado amesimama. Watu wakaanza kukohoa. Mama Kanga akamsogelea, akamnong'oneza, "Keti mama, tumeshakukaribisha."

"Sijamaliza," akasema Digidigi. "Hata kuanza sijaanza."

Mama Kanga akarudi nyuma. Digidigi akasema, "Makofi nimeyasikia, asanteni. Wimbo nimeusikia, ni mzuri. Lakini mwanangu yuko kwenye miiba, hajanyonya akashiba tangu mwezi uandame, na sasa hata kulia halii. Nimekuja kuomba chakula."

Nyati akainuka. Moyo ulimuuma, naye hakuwa mtu wa kuficha. "Pole sana, mama. Pole kabisa. Tutakuombea sasa hivi. Halafu jambo lako litakwenda kwenye Kamati ya Kapu, na kamati itakaa Jumatano."

"Mzee wangu," Digidigi akasema, "mwanangu hajui Jumatano."

Nyati akaketi polepole.

Digidigi akageuka kulitazama kapu, akalitazama kutoka chini mpaka juu, shingo ikamuuma. "Hili kapu ni la nani?"

"Ni la Bwana, mama," akajibu Nyati.

"Naye analila lini?"

Mchungaji Korongo alikuwa amefumba macho, na safari hii alikaa hivyo muda mrefu. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi. Akashuka madhabahuni. "Mimi nimehubiri humu miaka yote nikilitazama kapu bila kuliona," akasema. "Litoeni nje. Litoeni sasa."

Wakalivamia. Ngiri huku, Kima kule, Nyati nyuma anasukuma kwa paji la uso. Haya, twende. Ndu. Kapu likagonga mlango. Wakalirudisha nyuma. Haya, twende. Ndu. Halipiti. Wakaliinamisha. Halipiti. Wakalilaza ubavu. Halipiti. Lilisukwa ndani, likakulia ndani, na katika miaka yote ile hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba siku moja litatakiwa kutoka.

"Tubomoe mlango," akasema Nyati.

"Mpaka uyabomoe hayo mawe yake, Jumatano imefika," akasema Mama Kanga.

Hapo Mnana akaruka, akatua ukingoni mwa kapu lake. Mnamjua fundi na kazi yake. Hakuwahi kusuka kitu kikubwa namna ile, wala hatasuka tena. Akakaa kidogo. Kisha akashika ukindu wa kwanza kwa mdomo, akauvuta. Fyuu. Akavuta wa pili. Fyuu. Wote wakamtazama akifumua. Fyuu, fyuu, fyuu, mara kapu likapasuka ubavu, vyakula vikaporomoka, poromoo, mpaka chini ya viti.

Na harufu ikaja navyo. Vya juu vilikuwa vizima. Vya katikati vimenyauka. Vya chini, vile vya tangu mvua ile, vilikuwa uozo mtupu, na funza wanatembea. Ngiri akaviona viazi vyake, alivyovichimba kwa shida mwaka wa njaa akijinyima. Akainamisha kichwa. Hakuna aliyethubutu kumcheka mwenzake, maana kila mmoja alikuwa na chake mle chini.

"Chagueni vizima," akasema Korongo. "Kila mtu abebe anachoweza." Akavua joho lake jeupe, akalitandaza sakafuni, wakatia viazi ndani yake. Nyati akatundikwa majani kwenye pembe zote mbili. Kima akakumbatia matunda. Kanga akajaza mbegu kwenye gauni. Wakatoka mmoja mmoja kwenye ule mlango mwembamba, na ukawatosha wote.

Nje wakasimama. Njia iko wapi? Njia ilikuwa imefunikwa na miiba na magugu. Nyati, mwenyekiti mzima, hakujua pa kupita. Ikabidi Digidigi atangulie, na Ngiri afuate akifyeka kwa meno yake. Tip, tip, tip, mbele. Ndu, ndu, ndu, nyuma. Walichomwa, wakakwaruzwa, majani mengine yakamwangukia Nyati machoni. Hakulalamika.

Wakafika kichakani. Digidigi akaingia, akamtoa mtoto. Mdogo, jamani. Macho nusu wazi. Kima akasogea haraka, akamwekea tunda mdomoni. Mtoto hakufanya kitu. Ngiri akaweka kiazi. Nyati akaweka majani, yale laini kabisa. Mtoto hakufanya kitu.

"Huyu ni wa kunyonya," akasema Digidigi polepole. "Mimi nikila leo, maziwa hayarudi leo."

Wakasimama pale na vitu vyao mikononi. Vyote vile, na hakuna hata kimoja kinachomfaa. Nyati akageuza uso pembeni.

Swala alikuwa nyuma kabisa. Hakubeba kitu. Alipofika kuchagua, vizima vilikuwa vimekwisha, akaja hivi hivi tu, akiona haya, akijificha mgongoni kwa wenzake. Nyumbani alikuwa na mtoto wake mchanga, amemwachia mama mkwe. Sasa akawapenya, akaja mbele, akajilaza kwenye majivu na gauni lake la kwaya.

"Mlete," akasema.

Digidigi akamtazama. "Na wako je?"

"Wangu atapata. Mlete, dada."

Wakamweka. Kwanza kimya. Swala akamkamulia tone mdomoni, akamkamulia jingine. Kimya. Halafu ikasikika ndogo sana, nyu. Kisha tena, nyu, nyu, nyu. Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyeimba. Mtoto alinyonya mpaka pumzi ikamwishia, akaachia titi, akalia. Akalia kwa sauti, kilio cha kudai zaidi. Mama Kanga alikaa chini palepale akalia naye, na mbegu zikamwagika.

Kilio kile kikawatoa wengine mafichoni. Kutoka nyuma ya visiki vilivyoungua, kutoka mashimoni, wakaja wanyama wa bondeni mmoja mmoja, wembamba, wakiogopa. Kumbe walikuwa wengi hivyo. Korongo akafungua joho, akawagawia kwa mkono wake, akimuuliza kila mmoja jina.

Nyati akamwendea Digidigi, akapiga magoti, na Nyati akipiga magoti ardhi inajua. "Mama, mvua ile mimi ndiye niliyesema kapu lilale. Nisamehe."

Digidigi hakusema nimekusamehe, wala hakusema asante. Alikuwa anamtazama mtoto wake. Akauliza, "Kesho mtakuja?"

"Tutakuja."

"Na keshokutwa?"

Nyati akakitazama kilima, akaitazama ile njia iliyofyekwa nusu, na damu ya miiba kwenye miguu yake mwenyewe. "Na keshokutwa, mama."

Na walikwenda. Njia ikawa nyeupe kwa nyayo.

Basi funzo ni hili, na nalisema wazi ili mtu asiseme hakusikia. Sadaka isiyotoka nje ya mlango bado haijatolewa. Na kanisa halikujengwa ili lijae vitu, limejengwa ili watu watoke humo wamebeba, kila mtu alicho nacho, hata kama ni maziwa yake tu. Watoto mmesikia. Wazazi, nyie mmesikia zaidi.

Hadithi yangu imeishia hapo, bondeni, mtoto ananyonya. Anayetaka kunishukuru asinipigie makofi. Ainuke abebe hayo mahindi, jirani hajala.