Chuo Kikuu cha Bi Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, masufuria na kamati kama sisi, kulikuwa na kijiji kilichokauka mpaka vyura wakahama. Sikilizeni vizuri, na wewe unayenyofoa mkeka sikiliza pia, maana hadithi hii ina chuo kikuu ndani yake.

Katika kijiji hicho lilibaki bwawa moja tu. Asubuhi alikunywa Tembo. Akimaliza Tembo, alikunywa Nyati. Akimaliza Nyati, alikuja Kiboko, na yeye hakuridhika na kunywa, aliingia akaoga. Wadogo walipofika saa nne walikuta tope.

Mmoja wa wadogo hao alikuwa Bi Nguchiro, mfupi, mwenye mkia mrefu na mdomo usiotulia. Aliishi na mama yake mzee, ambaye siku hizo alikuwa kitandani, midomo imepasuka kwa kiu, hata uji haupiti kooni. Mama huyu ndiye aliyemfundisha kuijua ardhi: aiguse, ainuse, atazame siafu wanaelekea wapi. Kwa hiyo Bi Nguchiro alijua kabisa maji yalipo. Yalikuwa karibu na mchongoma mkubwa, chini sana, kwenye ardhi ngumu ambayo yeye na vikucha vyake asingeiweza hata kwa miaka kumi.

Basi akaenda kwenye Kamati ya Maji. Mwenyekiti alikuwa Tembo, katibu alikuwa Nyati, na mjumbe alikuwa Kiboko, ambaye alikuwa amelala.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Marahaba. Sema haraka, tuna kikao."

"Kikao cha nini?"

"Cha kupanga vikao. Sema."

"Najua maji yalipo. Nipeni watu wenye nguvu wachimbe, na siku chache tu wote tunakunywa. Mama yangu ana hali mbaya, Mheshimiwa."

Tembo akamtazama kuanzia masikio mpaka mkia. Haikumchukua muda.

"Una shahada?"

"Shahada ya nini?"

"Ya visima. Katibu, msomee sheria."

Nyati akafungua daftari, akakohoa, kho, kho, akasoma: "Asiye na shahada, wala haisomei chuoni, haruhusiwi kugusa jembe la kuchimbia kisima katika kijiji hiki."

"Na nani mwenye shahada hapa kijijini?"

"Hakuna," akasema Tembo.

"Sasa kisima kitachimbwa na nani?"

"Na mwenye shahada, akipatikana."

"Na mpaka apatikane?"

Kiboko akafumbua jicho moja. "Tunasubiri," akasema, akalifumba tena.

Bi Nguchiro alirudi nyumbani amekasirika mpaka mkia umesimama wima. Alichuja tope kwa kitambaa, akaketi kitandani, akaanza kumlowesha mama midomo.

"Wanataka shahada, mama."

"Shahada inatoka wapi?" mama akauliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Chuoni."

"Na chuo kinatoka wapi?"

Mkono wa Bi Nguchiro ukasimama hewani na kile kitambaa. Akaanza kucheka, kwanza taratibu, halafu kwa nguvu mpaka mama naye akatabasamu bila kujua sababu.

"Mama, tuna ubao humu ndani?"

"Labda mlango wa banda la kuku."

"Unatosha."

Msiniulize nguchiro alikuwa na banda la kuku la nini. Mlango uling'olewa, ukaandikwa kwa mkaa, ukasimamishwa karibu na ule mchongoma:

CHUO KIKUU CHA VISIMA. SHAHADA, MIAKA MITATU. NAFASI TATU TU. WADOGO WASISUMBUKE KUOMBA.

Mstari wa mwisho ndio uliofanya kazi.

Wa kwanza kufika alikuwa Nyati. Alikuja akitazama juu, kama anayehesabu mawingu.

"Napita tu," akasema. "Hivi Tembo ameshaomba?"

"Bado. Ila nafasi ni tatu, na yeye ni mwenyekiti."

"Niandike wa kwanza."

Baada ya chakula cha mchana akaja Tembo. "Nasikia Nyati anakwenda kupata shahada. Katibu awe nayo, mimi mwenyekiti nisiwe nayo?"

"Ndivyo itakavyokuwa, Mheshimiwa."

"Niandike. Na jina langu liwe juu ya lake."

Kiboko alikuwa na swali moja. "Kuna joho?"

"Lipo."

"La saizi yangu?"

"Tutaunganisha mawili."

Akaandikwa na Kiboko.

Siku ya masomo walifika wameoga, kalamu masikioni, wananukia. Bi Nguchiro alikuwa ameketi juu ya jiwe na kijiti cha kuelekezea.

"Mwalimu, darasa liko wapi?" akauliza Tembo. Jana alikuwa anamwita wewe, leo ni Mwalimu.

"Chini."

"Chini wapi?"

"Hapo mliposimama. Mtaingia wenyewe. Majembe yenu yako wapi?"

Nyati akainua mkono. "Na vitabu, Mwalimu?"

"Kitabu mnakikanyaga. Fungueni ukurasa wa kwanza."

Wakatazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuonyesha kwamba hajaelewa, kwa hiyo wote watatu wakaitikia kwa vichwa kama wasomi na kwenda kuchukua majembe.

Chwa! Chwa! Chwa! Puu! Nyati alipasua kwa sululu, Tembo alichimba kwa jembe, Kiboko alikokota udongo kwa jembe, akaujaza kwenye karai na kwenda kuumwaga. Mwaka wa kwanza, alisema Bi Nguchiro, unaishia kwenye magoti ya Tembo. Wa pili unaishia tumboni. Wa tatu, masikioni. Walichimba shimo pana lenye mteremko wa kupandia, na jua la saa sita liliwakuta wanatoka jasho.

"Mwalimu," Kiboko akasema, "nishikie jembe hili kidogo nijifute uso."

Bi Nguchiro akaruka nyuma kama aliyeonyeshwa moto. "Weka chini! Mwanachuo hamkabidhi mwalimu kifaa chake."

Kila walipomaliza mwaka, kulikuwa na mtihani. Aliwaokotea donge la udongo kutoka kwenye lundo.

"Tembo, udongo huu unasemaje?"

"Udongo hausemi, Mwalimu."

"Umefeli. Nusa tena."

Tembo akavuta kwa mkonga, ffffuuu, akapiga chafya iliyompeperusha Mwalimu kutoka kwenye jiwe. Halafu akatulia. "Una ubaridi," akasema polepole. "Na ubaridi unatoka upande wa mchongoma."

"Umefaulu. Chimbeni upande huo."

Wallahi Tembo alifurahi. Maisha yake yote alikuwa na pua kubwa kuliko wote, na hakuna aliyewahi kumuuliza amenusa nini. Nyati naye alijifunza kujua jiwe gani litapasuka na lipi litamvunjia sululu. Kiboko alilala kwenye mtihani akapewa sapu, maana yake arudie, na akarudia akiwa amebeba mawe ili asilale.

Ikafika siku ya tano, mwaka wa tatu, na hapo wakakuta mwamba.

Asubuhi hiyo mama yake Bi Nguchiro hakufungua mdomo alipoguswa na kitambaa. Bi Nguchiro alikuwa na hofu ambayo hajawahi kuwa nayo. Alitamani kushuka mwenyewe na kuutafuna ule mwamba. Alibaki juu ya jiwe lake, amekumbatia kijiti.

Nyati alipiga mara ishirini. Mwamba haukusema kitu. Akatupa sululu.

"Naacha chuo. Miaka miwili inanitosha."

"Sawa," akasema Bi Nguchiro. "Siku ya mahafali nitasoma majina kwa sauti. Tembo, shahada. Kiboko, shahada. Nyati, aliishia njiani. Mkeo atakuwepo, sivyo?"

Nyati akaitazama sululu pale chini. "Na mama mkwe," akasema. "Ameshashona gauni."

Hakuokota sululu. Alirudi nyuma hatua tano, akainamisha kichwa.

GWAAM! Mwamba ule ule. GWAAM! Vumbi. GWAAM! Kitu kikapasuka, krrrak, na kutoka kwenye ufa ikasikika sauti ambayo kijiji hakikuwa kimeisikia tangu mwaka uliopita. Chirrrrr. Kiboko alikwenda kutazama, akateleza. Chubwi!

Bi Nguchiro alilia mbele ya wanachuo wake, akasema ni vumbi.

"Tembo, jaza mkonga unifuate. Ni sehemu ya mtihani."

Mlango wa nyumba ya nguchiro haukumtosha Tembo hata ukucha, kwa hiyo aliingiza mkonga dirishani. Alimnywesha yule bibi tone kwa tone, kwa upole ambao hata yeye mwenyewe aliushangaa. Bibi akameza. Akapumzika, akameza tena. Akafumbua macho, akaona pua ndefu juu ya kitanda chake.

"Huyu nani?" akauliza.

"Mwanafunzi wangu, mama."

Mahafali yalifanyika Jumamosi. Majoho yalikuwa ya majani makavu ya migomba, kofia zilikuwa vifuniko vya masufuria vilivyofungwa uzi wa katani. Kijiji kizima kilikuja, na vigelegele vilisikika mpaka walikohamia vyura. Kabla ya kutoa vyeti, Bi Nguchiro aliwaapisha wahitimu, mkono mmoja juu.

"Mimi, msomi wa visima," wakasema kwa pamoja, "naapa kila asubuhi kuwatekea maji wadogo kwanza, kisha ninywe mimi."

Walikuwa wanawatazama wapiga picha, hawakuyasikia maneno yenyewe mpaka kesho yake asubuhi, walipokuta foleni ya sungura, kindi na kanga, kila mmoja na ndoo yake.

Siku nne walichota. Siku ya tano Nyati, ambaye bado alikuwa katibu, akatua ndoo chini.

"Mwalimu," akasema, "wewe ulisoma wapi?"

Foleni nzima ikasogea karibu.

"Mimi?" akasema Bi Nguchiro. "Sina hata cheti cha chekechea. Nilisomeshwa na mama, jikoni."

Tembo akatikisa masikio kwa hasira, pa pa pa. "Umevunja sheria! Katibu, msomee!"

Nyati akafungua daftari, akasoma: "Asiye na shahada, wala haisomei chuoni, haruhusiwi kugusa jembe la kuchimbia kisima katika kijiji hiki."

"Vizuri," akasema Bi Nguchiro. "Nani aliniona nikigusa jembe?"

Kiboko akakumbuka jinsi Mwalimu alivyoruka nyuma. Nyati akakumbuka kijiti. Tembo akatazama mikono yake yenye sugu, kisha vikucha vya Bi Nguchiro, safi, bila chembe ya udongo.

"Basi shahada zetu si kitu!" akasema Nyati.

"Kama si kitu zirudisheni. Leteni na majoho. Nitawaita wake zenu na mama wakwe washuhudie."

Hakuna aliyesogea. Kiboko alikuwa ameshakitundika cheti chake juu ya mlango, na kila jioni alikuwa anakisoma kwa sauti akidhani majirani hawamsikii.

Upepo ulivuma kutoka kwenye uwanda wa chini, na mkonga wa Tembo ukainuka wenyewe, ukanusa. Ffffuuu.

"Kule chini pana maji mengine," akasema, kana kwamba anaota. "Si mbali. Ubaridi wake ni ule ule." Akawageukia wenzake. "Mnanusa?"

"Pale pana jiwe la kupasuka," akasema Nyati, ambaye tayari alikuwa anatafuta sululu.

"Haya," Bi Nguchiro akasema, akipanda juu ya jiwe lake. "Lakini wadogo kwanza. Foleni haijaisha."

Tembo akainama, akaokota ndoo. Wa kwanza kwenye foleni siku hiyo alikuwa bibi mmoja mdogo sana, mwenye mkia mrefu, aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe.

"Shikamoo, bibi," akasema Tembo.

"Marahaba, msomi. Jaza mpaka juu."

Na mimi hadithi yangu naiacha hapo kisimani, ila hili mlibebe nyumbani: shahada itafuteni kwa bidii, lakini siku mkiulizwa mnajua nini, msinyooshe karatasi, onyesheni mikono.