Lugha Isiyoguswa na Mtu

Palikuwa na tajiri pale Ngamiani, Bwana Mshangama, mkodishaji wa maturubai na masufuria ya harusi. Kiburi chake, wacheni tu! Kitu kikishaguswa na mwenzake, yeye hakitaki. Hata barazani alikuja na kikombe chake cha kahawa.

Siku moja akataka tovuti, watu wakodi masufuria kwa simu. Akamwita barazani Mwantumu, fundi wa kompyuta, mpangaji wake. Binti fukara, lakini mdomo wake pilipili kichaa. Mwantumu akamweleza kuwa kompyuta huandikiwa maagizo kwa lugha zake, nazo ni nyingi. Fundi huchagua moja.

"Mimi nachagua hii kongwe," akasema. "Mafundi wake wako kila mtaa. Ikiharibika, hatukosi wa kuitengeneza."

"Si ndiyo aliyotumia Bi Sikudhani, mshindani wangu?"

"Ndiyo hiyo."

"Sitaki makombo! Nataka mpya, haijatumiwa na mtu. Tena iwe haijawahi kukosea."

"Yote mawili, Bwana?"

"Yote mawili! Ijumaa uniletee hapa hapa. Ukishindwa, chumba changu unahama, wewe na mama yako."

Ijumaa, baada ya sala, baraza likafurika. Nami nikajipitisha, eti nauza visheti.

"Umeipata?"

"Nimeipata, Bwana. Ina wiki tatu tangu itungwe. Hajaitumia mtu."

"Na haijakosea?"

"Hata mara moja. Itakosea wapi, na kazi haijafanya?"

Watu wakaguna. Tajiri akavimba kama andazi. "Hiyo hiyo! Ndiyo saizi yangu!"

"Alhamdulillahi. Basi, maadamu nimeshakijua unachopenda, nimekuletea na zawadi."

"Zawadi gani?"

"Daktari. Mpya kabisa! Hajawahi kumpasua mtu, kwa hiyo hajamkosea mtu. Nimekuombea Jumatatu akupasue lile busha."

Loo! Kahawa ikamtokea puani. Maskini, alidhani ni siri, na wake za watu tunalijua mpaka ukubwa!

"Koma, we mtoto! Huyo akajifunzie kwa mbuzi! Mimi nataka daktari mkongwe, aliyepasua mabusha mpaka kachoka!"

"Hata kama kampasua mume wa Bi Sikudhani?"

"Hata kama kampasua Bi Sikudhani mwenyewe!"

Baraza likaanguka kwa kicheko. Mzee mmoja akashika mbavu, mwingine akashika ukuta.

"Kwa kisu kile kile, Bwana?"

"Kile kile! Ilimradi kimechemshwa!"

Mwantumu akaifungua kompyuta yake taratibu, akaiweka magotini.

"Basi ile lugha ya Bi Sikudhani imeshachemshwa, Bwana wangu, na mafundi wa kila mtaa, mpaka makosa yameitoka. Nianze kazi, au nimwite yule daktari mpya?"