Shume na Chanuo la Kindi

Hapo zamani za kale, paka alikuwa hajui kujilamba. Chekeni, chekeni tu, mtanyamaza wenyewe. Mama paka aliwalamba watoto wake walipokuwa wachanga, na wakishakua, basi. Kila mmoja alibaki na vumbi lake.

Enzi hizo Simba alikuwa na jumba la mawe juu ya kilima, na mlangoni pa jumba hilo aliketi paka mmoja aitwaye Shume. Kazi yake ilikuwa moja tu, kumlinda Kindi asitoke.

Kindi huyo jina lake Mwatumu. Alikuwa mdogo, mwepesi, akipita huoni ila mkia. Lakini mikono yake! Hakuna mnyama aliyejua kupamba kama yeye. Meno yake ndiyo mkasi, kacha-kacha-kacha! Mkia wake ndio brashi ya poda, fyu-fyu! Tena alikuwa na chanuo la mpingo alilorithi kwa bibi yake.

Simba alipokuwa anataka kuoa alimtumia ujumbe: "Njoo unipambe siku saba tu, kisha urudi kwenu." Mwatumu akaja. Siku ya saba Simba akajitazama kidimbwini, akaona manyoya yake yamesukwa, yameng'aa mafuta ya nazi, yananukia udi na asumini.

"Lo!" akasema. "Kumbe mimi ni mzuri hivi? Basi huyu haondoki tena."

Na kweli hakuondoka. Arusi ikaahirishwa ili bwana arusi azidi kupendeza. Masika yakapita, vuli ikapita, masika tena. Chui, binamu yake Simba, naye akahamia hapo, ati amekuja kumjulia hali ndugu yake. Kila asubuhi alitaka kila doa lake lizungushiwe wanja, na mkia wake unyolewe ubaki kishada nchani.

"Shume!" Simba alimwambia mlinzi wake. "Huyu Kindi akivuka kizingiti, ngozi yako nitaitandika hapo chini niifutie miguu. Umesikia?"

"Nimesikia, Sultani."

Basi Shume akawa anakaa mlangoni kutwa, jicho moja nje, jicho moja ndani. Hakuna aliyempamba yeye. Mgongo ulikuwa umejaa vishonanguo, na manyoya ya tumboni yameshikamana vifundovifundo. Akalitazama lile chanuo likipanda na kushuka kwenye shingo ya Simba, sss, sss, sss. Alilitamani chanuo hilo kuliko nyama. Lakini mlinzi anaanzaje kusema maneno kama hayo?

Siku moja akajikaza. "Dada Mwatumu, hilo linauma?"

"Chanuo? Haliumi, kaka Shume. Kwani wewe hujawahi kuchanwa?"

"Mama alikuwa akinilamba. Hapa, nyuma ya sikio."

"Unamkumbuka?"

Shume akafikiri. "Sura simkumbuki. Naukumbuka ulimi."

Mwatumu akalishusha chanuo. Kisha akasema, "Mimi wangu namsikia. Kaa kimya. Haya, sikiliza."

Kutoka ng'ambo ya bonde, kwenye miti ya kwao Mwatumu, ilikuja sauti ya mchi kinuni. Tu! tu! tu! Kisha kimya kidogo. Tu! tu! tu! Kisha kimya kidogo.

"Huyo ndiye mama," akasema Mwatumu. "Hutwanga mapigo matatu akapumzika. Zamani tulikuwa tukitwanga wawili, yeye wake, mimi wangu, tu-ta! tu-ta! Sasa anatwanga peke yake."

Tangu siku hiyo Shume naye akawa anausubiri mchi kila kunapokucha. Ukilia, humwona Mwatumu akisimama, chanuo hewani, mpaka Simba amkaripie: "We! Umelala?" Na Shume akawa anamwonea huruma, akajionea na yeye mwenyewe, maana mwenzake alikuwa na sauti ya kusikiliza na yeye hana hata hiyo.

Ikafika asubuhi moja mchi haukulia.

"Amechelewa kuamka," akasema Mwatumu.

Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu, kimya. Mwatumu akaenda kumpigia Simba magoti.

"Sultani, nakuomba siku moja. Mama yangu hatwangi tena. Huenda anaumwa, na hana mwingine wa kumpa maji."

"Siku moja!" Simba akanguruma. "Na wakwe zangu wanakuja Ijumaa kutaka kujua arusi lini! Nani atanisuka?"

"Na mimi wanja wangu?" akadakia Chui. "Mama wa mtu mmoja ndiyo tuharibikiwe sote?"

"Nitakwenda mbio, Sultani. Nitarudi mbio."

"Toka hapa! Kachanganye mafuta!"

Mwatumu akarudi kwenye vikopo vyake. Hakulia. Alikaa akitazama kikapu cha majani ya mhina, akatazama sana. Shume mlangoni akamwona. Alimjua mtu anayefikiri.

Siku ya pili yake, ndiyo Ijumaa yenyewe, kulipopambazuka Mwatumu akaingia ukumbini anacheka.

"Sultani! Nimekumbuka pambo moja la bibi yangu. Wakwe zako wakiliona, watamsahau hata huyo binti yao!"

Simba akaketi wima. "Pambo gani hilo?"

"Hina ya miguu minne, na liwa ya kunukia ya kupaka usoni. Lakini ina masharti, sijui kama utayaweza."

"Mimi? Nishindwe na masharti?"

"Ukishapakwa unalala chali, miguu juu, nayo naifunga kwa majani ya mgomba. Macho unayafumba, liwa isiingie. Huinuki, hufumbui macho, hujikuni, mpaka mimi niseme tayari. Ukitikisa hata ukucha, hina inatoka madoadoa mwili mzima."

"Madoadoa!" Simba akashtuka. "Nifanane na Chui?"

"Na kuna ubaya gani kufanana na mimi?" akafoka Chui. Kisha akasogea. "Na mimi nipake. Unianze mimi."

"Ananianza mimi!"

"Nitawapaka pamoja, mabwana zangu, msigombane."

Wakajilaza chali, majitu mawili yenye makucha ya kupasua nyati, miguu minane juu. Mwatumu akatwanga majani, akakamua ndimu, akapaka, akafunga, akapaka nyuso kwa liwa ya baridi. Simba akahema kwa raha. Kilipokuwa kila kitu mahali pake, Mwatumu akarudi nyuma hatua moja, hatua ya pili, mpaka mlangoni.

Mlangoni alikuwapo Shume, macho wazi.

Mwatumu akamwonyesha chanuo. "Kaka Shume," akanong'ona, "leo zamu yako. Fumba macho."

Shume si mjinga. Aliona kabisa hila hiyo inavyokwenda. Wale wamefungwa kwa hina, na yeye atafungwa kwa usingizi. Lakini chanuo lilikuwa hapo mbele yake, na alikuwa amelingoja misimu mitatu. Akajilaza, akafumba macho.

Sss, sss, sss. Kishonanguo kimoja kikatoka. Sss. Cha pili. Kifundo cha tumboni kikafunguka taratibu, bila kuvutwa. Kisha chanuo likapanda shingoni, likafika nyuma ya sikio. Lo, watoto! Kifuani mwa Shume kukaanza kitu ambacho hata mwenyewe hakukijua, ngurrr, ngurrr, ngurrr. Alitaka kulia na alitaka kulala, vyote kwa pamoja.

Mwatumu akachana mpaka akaona pumzi zake zimetulia. Akauondoa mkono polepole. Akainama sikioni.

"Kaka Shume, umelala?"

"Nimelala," akajibu Shume.

Mwatumu akaganda. Chanuo likamtoka mkononi, ko!

"Usiogope," akasema Shume, macho bado kayafumba. "Aliyelala haoni nani kavuka kizingiti. Nenda kwa mama yako."

"Ulijua?"

"Nilijua. Ulidhani nitakuzuia?"

Mwatumu machozi yakamdondoka. "Nisamehe, kaka. Nilikudhania kama wao. Na ngozi yako je? Simba ameapa!"

"Ngozi yenyewe hii ya vishonanguo, nani ataitandika?"

"Basi twende wote!"

"Nao wakiuliza kama tayari, nani atawajibu?" Shume akamsogezea kichwa. "Lakini kabla hujaenda, dada. Hapo nyuma ya sikio, mara moja tu."

Mwatumu akaokota chanuo, akachana hapo nyuma ya sikio, mara moja, polepole sana. Akaliweka chanuo kizingitini, mbele ya Shume, kisha akaruka. Fyuu! Mkia ukaonekana kwenye nyasi, ukaonekana kwenye jabali la chini, haukuonekana tena.

Shume akafumbua macho. Alikuwa ameachwa, na aliyemwachia aende ni yeye mwenyewe, na iliuma vilevile.

Jua likapanda. Ndani ya ukumbi Simba akauliza, "Kindi! Tayari?"

Kimya.

"Kindi, we!"

"Anasema bado, Sultani," akaitika Shume.

"Nzi ananitembea puani!"

"Anasema umwache atembee. Ukimfukuza, madoa."

"Ah! Basi atembee."

Jua likapanda tena kidogo. Chui akaanza. "Mbona hajibu mwenyewe?"

"Ameuma uzi mdomoni, Bwana Chui. Anakusuka kishada cha mkia."

"Mbona simhisi?"

"Si unaujua mkono wake ulivyo mwepesi?"

"Hilo kweli," akasema Chui kwa fahari. "Mkono wake ni mwepesi."

Shume hakuwasikiliza tena. Masikio yote mawili yalikuwa ng'ambo ya bonde. Atakuwa amefika mtoni. Atakuwa amevuka. Atakuwa kwenye miti ya kwao. Na kama amechelewa je? Kama alikuta watu wameketi mkekani, wamejitanda kanga vichwani? Shume hakumjua mama huyo, hakumwona hata siku moja, lakini alimwombea kama mama yake.

"Nasikia njaa!" akalia Simba.

"Bado, Sultani."

"Mguu umekufa ganzi!"

"Bado."

Jua likafika utosini. Hapo ndipo aliposikia. Kwanza alidhani ni moyo wake.

Tu! tu! tu! Kisha kimya kidogo. Mapigo yenyewe yalikuwa manyonge, ya mtu aliyetoka kitandani siku hiyohiyo. Tu! tu! tu! Kisha kimya kidogo. Halafu mchi wa pili ukaingia katikati, mwepesi, wa haraka, tu-ta! tu-ta! tu-ta!

Shume akasimama. Akalitazama chanuo. Hakulichukua, kwa kuwa halina faida pasipo mkono wa Mwatumu. Akavuta pumzi, akapaza sauti.

"Tayariii, mabwana!"

Akatoka mbio.

Simba akafumbua macho, akajigeuza, miguu imefungwa majani, pu! Akaanguka kwa pua. Chui akamwangukia juu, pu! Wakararua majani kwa meno. Hina ilikuwa imekolea, nyekundu iliyokoza kama kahawa, na Kindi hayupo, na Paka hayupo, na chanuo liko kizingitini.

"Tumechezewa!" Simba akanguruma hadi mawe yakatikisika. "Chui, wafuate!"

Chui akafika mlangoni. Akaliona tope la bonde. Akaitazama miguu yake. "Na hina hii?"

"Wafuate, nimesema!"

"Wafuate wewe, ndugu yangu. Wakwe ni wako."

Simba akainua mguu mmoja. Akaugeuza huku, akaugeuza huku. Ulikuwa umependeza kweli. Akaurudisha taratibu juu ya jiwe kavu, na hapo ndipo wakwe walipomkuta, liwa imemkauka usoni, amesimama mlangoni pake, anaogopa tope.

Na Shume? Shume hakurudi tena kilimani. Alikwenda mbali, akafika kwenye nyumba za watu, akajilaza chini ya ghala la mahindi. Alipokumbuka lile chanuo, moyo ulimsumbua. Akatoa ulimi, akajaribu mwenyewe. Mgongo ukafikika. Tumbo likafikika. Lakini nyuma ya sikio, kila akinyoosha ulimi, haufiki. Basi akaulamba mkono wake, akafumba macho, akaupitisha hapo polepole, kama vile ni mkono wa mwingine. Na watoto wake wakaiga, na watoto wa watoto wake.

Kwa hiyo mkimwona paka anajipangusa nyuma ya sikio, msimshtue. Na mkimkuta amekaa chini ya mti, anamtazama kindi aliyeko juu, msikimbilie kusema ana njaa.

Mwenye nguvu hufungwa na sifa. Mwenye huruma hufungua mlango, akabaki na hamu.