Takbira ya Katikati ya Daraja

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika zama za vita vya mpakani alikuwako askari mcha Mungu, Numairi bin Hassani, aliyetekwa na Warumi akakaa kifungoni miaka tisa. Asubuhi moja mateka wote wakapelekwa mtoni. Kuna kubadilishana!

Pande zote mbili zilikuwa zimekula kiapo cha kutohadaana. Jina likiitwa, mateka Mwislamu anaingia darajani huku, na mateka Mrumi anaingia kule. Wakipishana katikati, Mwislamu anapiga takbira, na jamaa zake ng'ambo wanaitikia. Basi zikafuatana takbira, moja baada ya moja, na kila moja Numairi akadhani inayofuata ni yake. Jina lake halikuitwa. Likabaki moja la mwisho.

"Harithi bin Rafii!"

Ng'ambo mzee mmoja akaanguka sijida ya shukrani. Lakini Harithi alikuwa amekwisha kufa kwa homa mwaka wa nne, na Numairi ndiye aliyemwosha na kumzika. Wenzake waliobaki wakamsukuma mgongoni, wakimnong'oneza aitike, kwani walinzi hawamjui Harithi kwa sura na marehemu hana haja tena ya kuvuka. Mimi ninayewasimulia, wallahi, mguu wangu mmoja ungekuwa umeshakanyaga mbao.

Numairi naye alitamani, tena alitamani mno. Kisha akapaza sauti ikafika ng'ambo: "Harithi amefariki. Nimemzika mimi, Mungu amrehemu."

Yule mateka Mrumi, aliyekwisha fika katikati ya daraja, akasimama pale pale, maana sasa hana wa kupishana naye. Mkuu wa walinzi akaamuru Numairi arudishwe kwenye pingu.

Ndipo yule mzee akaja mbio darajani, kilemba kikimvuka. Alikuwa Rafii, babake Harithi, na Mrumi yule alikuwa mateka wake, aliyemtoa ili amkomboe mwanawe. Akamshika mkono Mrumi, akasema huku analia, "Huyu mchukueni. Nipeni huyo aliyeniambia ukweli."

Wakampa! Numairi akakimbia, na alipofika katikati sauti ikamkauka. Mzee akaipiga takbira kwa niaba yake, na ukingo mzima ukaitikia.

"Mwanangu," akamwambia, "ungekuja tu. Ningelia, kisha ningekusamehe."

"Huenda, baba. Lakini takbira ningeipigaje, nami nimeingia darajani kwa uongo?"

Pale pale wakapanga safu, wakamswalia Harithi swala ya ghaibu. Numairi alisimama kando ya mzee, mahali pa mwana.

Ndugu zangu, sisi takbira tunaipiga mara nyingi kwa siku, tumeinua mikono, tumeelekea kibla. Kabla ya kuitamka kesho alfajiri, kila mmoja wetu ajiulize ameingiaje darajani.