Jina Moja Katika Wimbo wa Tusekile

Sogeeni karibu, na mkishasikia mseme, kwa sababu kisa hiki kimewashinda wenyewe.

Huko Tukuyu walikuwepo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Subilaga alikuwa na masikio: wimbo akiusikia mara moja, hausahau. Lugano, fundi simu, alikuwa na mikono yenye subira. Na Atupelye, mwenye mashine ya kusaga, aliyeitwa shangazi na wote, alikuwa na mdomo. Kitu akikisifu yeye, mtaa mzima unakitaka kabla ya jioni.

Wa nne alikuwa Tusekile, mama wa mtoto mmoja, Gwantwa. Alitunga nyimbo na kupiga gitaa aliloachiwa na kaka yake, penseli imekazwa shingoni mwa gitaa kwa mpira wa baiskeli ili sauti ipande. Alipiga chumbani tu, mtoto akilala. Majirani walidhani ni redio.

Hata Subilaga, aliyepanga chumba cha pili, alidhani hivyo, mpaka siku umeme ulipokatika na muziki ukaendelea. Akamsikia mpigaji akikosea, akirudia. Akabisha hodi.

"Mama Gwantwa, redio yako inatumia kuni?"

Tusekile akaficha gitaa nyuma ya mlango. "Usimwambie mtu."

"Nitamwambia mmoja tu," alisema Subilaga. Huyo mmoja alikuwa Lugano.

Lugano alikuja na simu ya kurekodia, lakini mvua ya Tukuyu haina simile, na bati lilipiga kelele kuliko gitaa. Alirudi siku tisa. Siku ya tisa alitundika mablanketi ukutani, akaivisha simu soksi ya mtoto, akamketisha Tusekile kati ya kabati na kitanda.

"Imba kama hatupo."

"Nikiimba hivyo nitalia."

"Lia, ila kwa sauti ndogo."

Wimbo mmoja ukapatikana, safi kabisa. Ukalala ndani ya simu mwezi mzima.

Ndipo shangazi Atupelye akausikia, alipopeleka simu yake kwa Lugano kutengenezwa, akaomba arushiwe. Tangu hapo, kila aliyeleta mahindi mashineni alisikilizishwa kwanza, kisha akasagiwa. Mwishowe akaenda redio ya wilaya.

"Mama, waimbaji wa kike tunao," mtangazaji alimwambia.

"Wanaotunga wenyewe?"

"Wapo."

"Na gitaa wanapiga wenyewe?"

Mtangazaji akafikiri. "Hao sina."

"Basi huna."

Akakaa mapokezi siku tatu, mashine yake imefungwa, mpaka wimbo ukapigwa hewani. Wasikilizaji wakapiga simu kuuliza huyu ni nani.

Tusekile akaitwa studio aurekodi upya. Sasa, katika nyimbo za gitaa za kwao kuna desturi: sauti inaponyamaza na gitaa likabaki peke yake, mwimbaji humtaja aliyemfikisha hapo. Jina hilo halitoki tena. Litaitwa kila wimbo unapopigwa, hata mwenyewe akishazikwa.

"Naweza kutaja matatu?" Tusekile aliuliza.

"Nafasi ni ya pumzi moja," alisema fundi mitambo. "Majina matatu ni tangazo la harusi."

Wale watatu walikuwa wamemsindikiza, wamebanana kwenye benchi nyuma ya kioo.

"Mimi sidai," Subilaga alisema. "Ila kabla yangu ulikuwa redio."

Lugano alitazama kucha zake. "Ulisikia wewe. Bila mimi nani mwingine angesikia? Mvua?"

Shangazi akacheka. "Mngeusikiliza wenyewe mpaka betri ife."

Tusekile alimsikiliza kila mmoja, na kila mmoja alipokuwa akisema, alimwona ana haki. Subilaga alitoa siri, lakini asingeitoa, gitaa lingekuwa bado nyuma ya mlango. Lugano alirudi siku tisa, hakuombwa. Shangazi alimpigania mtu ambaye hakuwa amemwona hata kwa macho. Na Tusekile hakuwa na marafiki wengine zaidi ya hao.

Wakaanza kurekodi. Mara ya kwanza jina moja lilimjia, akasita. Mara ya pili lilikuja jingine, vidole vikapotea.

"Hii ni ya mwisho," fundi alisema. "Kuna kwaya inasubiri."

Akaimba vizuri kuliko siku zote. Sauti ikanyamaza, gitaa likabaki peke yake. Nyuso tatu zikasogea kwenye kioo. Tusekile akavuta pumzi.

Haya, ninyi mliosikiliza: pumzi hiyo ni yenu. Mngetamka jina la nani, na wale wawili mngewatazamaje njia nzima ya kurudi nyumbani?