Kishungi na Mlezi Mwenye Njaa

Paukwa!

— Pakawa!

Sauti hiyo ni ya walioshiba au ya wanaosubiri chakula? Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na kuku, pakawa na fisi. Mwenye kusinzia asogee nyuma, asinitie uvivu.

Siku hizi kuku akilegea miguu mnakimbilia duka la dawa za mifugo, mnanunua vitamini ya unga, mnakoroga kwenye maji, basi. Zamani, wanangu, vitamini ilikuwa mkono wa mtu. Bi Sikujua alikuwa na kuku wake, Kishungi, aliyeatamia mayai mpaka miguu ikamlegea. Kila asubuhi alimpakata, akamlisha mchicha, dagaa wa kusaga na maganda ya mayai yaliyotwangwa, huku akimsimulia habari za majirani. Ah, mikono ile! Naikumbuka mpaka leo.

Ikaja habari ya msiba kijiji cha mbali. Bi Sikujua akamwachia Kishungi mtama na maji uani, akaenda matangani. Kishungi akabaki amelala ubavu, akikumbuka siku zile alipokuwa akimsindikiza bibi yake kisimani, yeye mbele, bibi nyuma. Moyo ukamuuma. Aliomba kitu kimoja tu: bibi akirudi amkute hai.

Mara, kwata kwata kwata, Fisi huyo!

"Shikamoo, mjomba," akasema Kishungi.

"Marahaba. Nimekuja kukula."

"Karibu. Lakini nipime kwanza, mjomba."

Fisi akamnyanyua, akampima, akameza mate, gulu! Kuku mwepesi kama kibuyu kitupu.

"Umeona? Mdomo wote huo kwa tonge moja! Watakucheka. Niletee mchwa, nikinenepa ndipo unile. Kwani nitakimbilia wapi na miguu hii?"

Fisi akawaza tonge, akawaza sinia. Akaenda kuleta mchwa.

Kesho yake, kwata kwata kwata. Akamnyanyua, akampima, akameza mate, gulu!

"Bado, mjomba. Mifupa inataka konokono."

Akaenda kuleta konokono.

Keshokutwa, kwata kwata kwata. Akamnyanyua, akampima, akameza mate, gulu!

"Bado, mjomba. Mapaja yanataka dagaa."

Dagaa! Akaenda ziwani kuwaiba walioanikwa, akapigwa mawe, akawaleta mdomoni bila kumeza hata mmoja. Udenda ulimtiririka mpaka magotini, maskini. "Mvumilivu hula mbivu," akajiambia.

Basi Fisi akawa anakonda, Kishungi ananona. Fisi akigeuka tu, Kishungi anajaribu kusimama. Anaanguka, pu! Anasimama tena. Siku ya tano akauzunguka uwanja mzima, akalia peke yake kwa furaha.

Siku ya saba Fisi akaja anapepesuka kwa njaa.

"Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo!"

"Kweli, mjomba. Lakini usile kwa pupa. Rudi nyuma kidogo uitazame mali yako."

Fisi akarudi hatua moja. "Aaa, kifua hicho!"

"Rudi tena, uyaone na mapaja."

Akarudi hatua ya pili, akarudi ya tatu. Pa-pa-pa-paa! Kishungi akatua juu ya paa.

"Weee! Tulipatana nikule ukinenepa!"

"Si nimenenepa? Panda, mjomba, chakula kiko tayari."

Fisi akaruka, akaanguka, pu! Akaruka tena, pu! Njaa ilikuwa imemmaliza. Aliposikia mtu anakuja, akajikokota hadi kichakani, akajilaza humo.

Alikuwa Bi Sikujua, anarudi. Kishungi akashuka, akamkimbilia kwa miguu yake miwili. Bibi akamkumbatia, machozi yakamtoka. Akatazama uani, akaona magamba ya konokono na vichwa vya dagaa.

"Jamani, nani kanilelea kuku wangu namna hii?" Akainua mikono juu. "Ewe Mola, aliyemlisha huyu, yeyote awaye, mshibishe!"

Kule kichakani Fisi akaitikia kwa nguvu zote alizobakiwa nazo: "Amina!"

Ngano yangu naifunika hapo. Tamu yake chukueni, chachu yake niachieni nilie ugali. Na fundisho ni hili, lishikeni sana: tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Mfuateni Fisi.