Mapapai ya Mihuri Saba

Palikuwa na sultani wa Mkokwe, jina lake Badawi, aliyependa mihuri kuliko chai ya asubuhi. Zao lolote la kuuzwa ng'ambo lilipita ofisi saba. Kila ofisi iligonga muhuri kwenye cheti, na kila karani alichukua kionjo chake. Wanunuzi wa ng'ambo walisubiri, wakachoka, wakahamia Tungamo, mji wa jirani, ambako muhuri ni mmoja na karani wake huamka mapema.

Sultani akawaka. Makarani hakuwagusa. Akamwita Mwanakheri, mkulima wa mapapai, mama maskini mwenye mtoto mgongoni na ulimi usiolala.

"Wewe! Mapapai yako yanafika ng'ambo yameoza. Umeniaibisha. Nalichukua shamba lako!"

Shamba lile ndilo uji wa mtoto wake. Mwanakheri akamkaza mtoto mgongoni.

"Bwana wangu, yakiondoka kwangu huwa mazima."

"Nani shahidi?"

"Ulimi wako, Bwana. Nikuletee kikapu uonje."

"Lete. Likiwa bovu hata moja, shamba ni langu."

"Niyapitishe mlango wa uani, au njia ya sheria?"

Sultani akatanua kifua. "Unanifundisha magendo? Ofisi zote saba, kama mali ya ng'ambo!"

"Nimesikia, Bwana wangu."

Kesho yake alichuma mapapai kumi, yameanza tu rangi ya manjano ubavuni. Karani wa kwanza alichukua moja, akagonga. Wa pili alikuwa harusini, siku mbili. Alirudi na usingizi, akachukua moja, akagonga. Wa tatu wino ulimkaukia, na mwenye ufunguo wa kabati la wino alikuwa ameenda kumwona shangazi yake.

"Atarudi lini?" Mwanakheri aliuliza.

"Shangazi akipona."

Shangazi alipona siku ya tano. Karani wa tatu, wa nne na wa tano wakachukua moja moja, wakagonga, kila mmoja kwa siku yake.

Katika ofisi ya sita alikaa Mzee Faki. Huyu aligonga papo hapo. Mwanakheri alipomsogezea kionjo, alikirudisha kikapuni. "Mpe huyo mgongoni, mwanangu," alisema, akasogeza benchi lake kivulini ili mama anyonyeshe. Wa saba aliziba pua kwa kilemba, akachagua lililokuwa na nafuu, akagonga bila kutazama yaliyobaki.

Siku ya kumi na moja kikapu kikafika barazani. Yalibaki manne. Nzi walitangulia kuingia, funza wakaja na kikapu.

Sultani akaruka kitini. "Uvundo gani huu? Umeshindwa! Shamba ni langu!"

"Sawa, Bwana wangu. Ila mimi sikusoma sana. Nisomee cheti hiki kwanza, nijue nimeshindwa nini."

Sultani akakipokea kwa vidole viwili. "'Mali hii ni nzima na safi. Kwa jina langu, Sultani Badawi.'"

"Huo ni muhuri wa kwanza. Wa pili unasemaje?"

"Unasema hivyo hivyo."

"Na wa saba?"

"Hivyo hivyo! Yote saba inasema hivyo hivyo!"

"Na mihuri ni ya nani?"

"Yangu! Ya nani mwingine?"

Waziri akaanza kuchunguza kucha zake.

"Basi nisaidie, Bwana wangu," Mwanakheri akasema taratibu, maana mtoto alikuwa amelala. "Kama mapapai haya ni mabovu, jina lako limesema uongo mara saba, na kilichoyaozesha si shamba langu. Lakini kama jina lako halisemi uongo..."

Akatoa kijiko. Akakifuta vizuri kwa pindo la kanga. Akamsogezea kikapu.

"Karibu, Bwana wangu. Anza na hili linalotembea, kabla nalo halijahamia Tungamo."